Nilimkana Kaka Yangu Mlangoni mwa Choo cha Ufukweni

Nimekosa, na kosa ni langu peke yangu. Nalisema mapema ili usije ukafika katikati ya habari hii ukaanza kunionea huruma. Huruma yako baki nayo! Mtu kama mimi haimfai.

Naandika nikiwa Doha, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya watu, mashine ya kufulia inanguruma upande wa pili wa ukuta. Jina langu niachieni. Na yule niliyemkosea nitamwita Kassim, ingawa siyo jina lake, maana jina lake la kweli nimeshalichafua vya kutosha.

Mimi ni yaya. Ngoja nirudie, kwa sababu miaka yote hiyo mdomo wangu haukuwahi kulitamka neno hili. Mimi ni yaya! Naogesha mtoto wa watu, namlisha, nambeba, namfuta makamasi. Kazi ya halali kabisa. Lakini nyumbani Tanga niliwaambia mimi ni mpokea wageni kwenye hoteli kubwa ya West Bay, kule kwenye maghorofa ya vioo ambayo kila mtu anayajua kwenye picha. Tena nikaongeza na chumvi: nina meza yangu, nina simu ya ofisi, na Wazungu wananisalimia kwa jina. Mwongo mkubwa mimi!

Siku zangu za mapumziko nilikuwa napanda metro hadi West Bay nikiwa na koti jeusi la kuazima, nasimama mbele ya mlango wa hoteli ile, napiga picha za kutuma nyumbani. Mlinzi wa pale alikuwa dada Mkenya anayeitwa Achieng. Mara ya kwanza alinitazama tu. Mara ya tatu akashindwa kuvumilia.

"Wewe dada, kila Ijumaa uko hapa na hilo koti. Si uingie tu ndani uombe kazi hii maneno iishe?"

Nilimchukia papo hapo. Baadaye tukawa marafiki, kwa sababu Achieng ni mtu ambaye huwezi kumchukia kwa muda mrefu. Yeye anakaa Abu Hamour na wenzake, na chumba chake ndipo tunapopika ugali na sukuma siku za mapumziko. Kaa na jina hilo, nitarudi kwake.

Sasa Kassim. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo sana, dada yake akanichukua. Huyo ndiye Mama Mkubwa. Kassim ni mwanawe wa kumzaa. Tulilala mkeka mmoja, tukala sinia moja, tukapigwa na fimbo moja. Kwetu hakuna neno binamu. Yule ni kaka yangu.

Kassim aliondoka zamani na meli ya mizigo, akashukia Hispania, akahangaika huko mpaka akapata karatasi za kuishi. Halafu habari zikaenea mtaani kwetu kwamba Kassim ni mpishi mkuu. Mpishi mkuu wa hoteli ya kitalii, ana vijana chini yake, anavaa kofia ile ndefu nyeupe! Kila harusi, kila hitima, Mama Mkubwa akikaa tu wanawake wanamsogelea: "Mama Mpishi, hebu tupe habari za Ulaya."

Na mimi je? Mimi niliyeko Doha, mwenye meza na simu ya ofisi, nilikuwa naulizwa mwishoni, chai ikishapoa. Roho ilikuwa inaniuma. Niseme ukweli: nilikuwa namwonea kaka yangu kijicho kwa kazi ambayo hakuwa nayo, huku nami nikijisifia kazi ambayo sikuwa nayo. Kuna upuuzi unaozidi huo?

Basi. Joto la kiangazi likianza Doha, wenye nacho wanahama. Mwaka ule Madam na mume wake, ambaye sisi wafanyakazi tunamwita Baba, waliamua kwenda Paris, kisha washuke kwa gari hadi kusini kabisa mwa Hispania ambako wana ndugu. Mimi nikachukuliwa kwa ajili ya mtoto, binti yao mdogo, Nura. Madam alinishonea sare mpya ya rangi ya waridi yenye kola nyeupe. Alitaka kila anayetuona ajue mara moja nani bibi na nani kijakazi. Hapo hakukosea. Nilionekana kama keki ya siku ya kuzaliwa.

Njiani mtoto akatapika, Madam akashikwa na kichwa, Baba akasema khalas, basi, tunalala hapa. "Hapa" palikuwa mji mmoja wa mapumziko kando ya bahari, ukivuka tu mpaka wa Ufaransa. Dereva wetu alikuwa Mmoroko, akatuonya: "Hawa msiwaite Wahispania, watanuna. Hawa ni Wabaski."

Nami nikauangalia mji wao nikasema moyoni, hiki ndicho watu wanachosafiria? Bahari ya kijivu kama maji ya kuoshea masufuria. Kimanyunyu kinakudondokea bila kuamua kama ni mvua au ni ukungu. Vijana wamejibana ndani ya nguo za mpira mweusi kama matairi, wanalala juu ya vibao wakisubiri wimbi. Vibibi vinatembea na vijibwa vilivyovalishwa koti la mvua! Mchangani wamepanga vihema vya turubai lenye milia, safu kwa safu, na ndani ya kila kihema mtu amekaa kwenye kiti anatetemeka kwa baridi na kujiita yuko likizo. Maandishi yao yote ni x na k, kama mtu aliyekalia simu. Nilidharau kila kitu. Nilidharau kwa raha zote, kama mwenye mji wake mahali.

Mimi! Niliyekuwa nimevaa kandambili za wazi kwenye baridi ile kwa sababu Madam alisema viatu vya kufunika haviendani na sare.

Madam na Baba wakakaa kwenye mgahawa ulio juu, kando ya barabara ya matembezi. Mimi nikashushwa mchangani na mtoto. Nura akacheza kidogo, kisha akabana miguu. "Haja ndogo!" Nikambeba mbio hadi kwenye vyoo vya ufukweni, vile vilivyojengwa chini ya barabara ya matembezi, karibu na mabomba ambako watu wanasuuza miguu.

Mlangoni alikuwapo mwanamume ameinama, ana fagio la kudekia, ndoo ya maji ya sabuni, na mabuti ya mpira ya rangi ya machungwa. Akasikia namwambia mtoto kwa Kiswahili, "Subiri kidogo mama, subiri tu." Ndiyo, Nura namsemesha Kiswahili, ni siri yetu.

Yule mwanamume akainua kichwa.

Jamani! Kassim!

Mvi zimeanza kuingia kichwani, amekonda, lakini Kassim yule yule. Fagio likamponyoka. Akaniita jina langu la utotoni, lile ambalo duniani wamebaki watu wawili tu wanaolijua.

"Ni wewe? Ni wewe kweli? Allahu Akbar! Dada yangu! Huku umefikaje?"

Machozi yalikuwa yanamtoka. Nami nilimwambia nini? Nilimwambia, "Mtoto anataka kukojoa."

Akacheka. Akanifungulia mlango, akatupisha, akatusubiri. Tulipotoka alikuwa ameshanawa mikono na kuifuta vizuri kwenye suruali. Akachuchumaa mbele ya Nura, akampa kidole akishike. "Na huyu binti mzuri anaitwa nani?" Nura akacheka kwa sauti, maana amezoea kusemeshwa Kiswahili na mtu mmoja tu duniani.

Kassim alinitazama kutoka kwenye kitambaa cha kichwa hadi kwenye vidole vya miguu vilivyokuwa vimegeuka rangi kwa baridi. Aliiona ile sare. Aliielewa. Alisema tu, "Unaumwa na baridi, dada."

Kile nilichokisikia ndani yangu hakikuwa furaha. Nataka ulijue hili. Nilikutana na kaka yangu baada ya miaka chungu nzima, mwisho wa dunia, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni: ameniona. Cha pili: kumbe anaosha vyoo! Na hicho cha pili, Mungu anisamehe, kilinipa raha.

Ndipo nikasikia viatu vya Madam vinashuka ngazi. Alikuwa amemwona binti yake ameshikana mkono na mwanamume mwenye mabuti.

"Minu hadha?" akauliza. Nani huyu?

Kassim akasimama, akaweka mkono kifuani kwa adabu, akawa ananitazama mimi huku akitabasamu. Alikuwa anangojea nimtambulishe. Maneno mawili tu yalitosha. Kaka yangu. Kwa Kiarabu nayajua, kwa Kiingereza nayajua. Hata Madam, pamoja na ukali wake, angesema masha'Allah akaendelea na safari yake.

Nikasema, "Simjui, Madam. Amenifuata tu hapa mlangoni."

Hayo ndiyo niliyoyasema!

Madam akamnyakua mtoto. Akapiga kelele juu, Baba akashuka, Baba naye akapiga kelele. Akaja msimamizi, jitu zima lenye kishada cha funguo kiunoni, akamfokea Kassim mbele ya watu kwa lugha ambayo sikuielewa, ila kidole kinachotikiswa usoni mwa mtu hakihitaji mkalimani. Watu wa kwenye vihema wakatoa vichwa kuangalia. Kassim hakujitetea. Angeweza kusema, huyu ni ndugu yangu. Lugha yao anaijua. Hakusema.

Aliokota fagio lake. Alipopita karibu nami akasema polepole, "Sawa, dada. Nimeelewa."

Akaingia ndani kudeki.

Kule jua huchelewa sana kuzama wakati wa kiangazi. Jioni ile, mtoto amelala, kukiwa bado kweupe, nilisimama kwenye dirisha la hoteli nikamwona tena chini kule anasugua mabomba ya kuoshea miguu. Na unajua nilifanya nini? Nilitoa simu. Nikamvuta karibu kwa kamera mpaka uso ukaonekana. Nikampiga picha. Ndoo, fagio, mabuti, vyote vimetokea vizuri. Kazi ya ustadi!

Asubuhi tulipokuwa tunapakia, nikachungulia mbele ya hoteli. Kassim alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara. Amenyoa ndevu, amevaa shati safi lililopigwa pasi, ameshika mfuko mdogo wa karatasi. Amesimama kama mtu aliyekuja kuposa. Nikamwambia Madam, "Twende tupitie chini kwenye maegesho, mizigo ni mizito." Tukashuka kwa lifti. Gari likatokea mlango wa nyuma. Sikugeuka.

Sasa sikiliza akili yangu ilivyofanya kazi humo garini. Nikajiambia, huyu ameniona na sare. Atanitangaza. Kesho Tanga nzima itajua kwamba sina meza wala simu ya ofisi. Kwa hiyo lazima nimuwahi. Nikimuwahi, lolote atakalosema baadaye litaonekana ni kisasi cha mtu aliyeumbuliwa.

Nikafungua kundi la ukoo kwenye simu, lile lenye mashangazi, wajomba, watoto wao na majirani walioingizwa kinyemela. Nikatuma picha. Chini yake nikaandika: "Nimepita Hispania kikazi na wageni wetu wa hoteli. Nimekutana na mpishi wenu mkuu. Jikoni kwake ndiyo huku."

Vicheko vikaanza kumiminika kabla hatujafika hata kwenye mji uliofuata. Vikaragosi vinagaagaa kwa kucheka. "Kumbe anapika kinyesi!" "Mpishi wa Jiki!" Mtu mmoja akatuma sauti ya kicheko kitupu, ndefu, hana hata neno. Wale wale waliokuwa wanamwita Mama Mpishi! Watu ambao hawajawahi kushika hata fagio la nyumbani kwao, wanaongojea kutumiwa pesa kila mwezi! Nami nikawa nasoma moja moja, nachekea ndani ya kitambaa changu, mtoto wa watu amelala mapajani mwangu. Nilijiona mshindi.

Kesho yake Mama Mkubwa akapiga simu. Tulikuwa kusini tayari, kwenye jua. Nikapokea nikiwa bafuni ili asisikie kelele za nyumba.

"Mwanangu," akasema, "nina swali moja tu."

"Niulize, Mama."

"Wewe ulikuwa unafanya nini hapo chooni?"

Nikacheka cheko la kijinga. Nikamwambia nilikuwa natembeza wageni, tukapita, nikamwona kwa mbali.

Akasema, "Kassim alinipigia jioni ile ile mliyokutana. Kabla ya picha yako. Alikuwa analia kwa furaha. Akaniambia, Mama, nimemwona dada, amependeza, amenawiri, yuko na wageni wakubwa wa hoteli, hakuweza kuongea sana maana yuko kazini. Akasema ila hana soksi. Akaniambia, miguu yake ina baridi, Mama, hoteli yao nimeiona, kesho asubuhi kabla hawajaondoka nitampelekea soksi."

Jamani, ule mfuko! Soksi!

Alinificha. Aliniona vizuri na sare yangu ya keki, nikamkana mbele ya macho yake, akafokewa kwa ajili yangu, na bado akaenda kumpigia mama yake kumwambia nimependeza. Huku mimi niko dirishani natafuta pembe nzuri ya kamera.

Nilikaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea mpaka Madam akaja kugonga mlango. "Yalla, mtoto ana njaa!" Nikanawa uso, nikaenda kukoroga uji.

Unadhani hapo ndipo nilipotubu? Wapi! Roho ngumu haivunjiki siku moja. Tuliporudi Doha, siku yangu ya mapumziko nikaenda Abu Hamour kwa Achieng, nikamsimulia yote huku nakata mboga. Lakini nilimsimulia kwa kupindisha, kama kichekesho: eti fikiria, mpishi mkuu, kumbe anadeki vyoo! Nilitaka anisaidie kucheka. Nilitaka mtu mmoja tu acheke ili nilale.

Achieng akaacha kusonga ugali.

"Ngoja. Huyo ni kaka yako? Wa kulelewa pamoja?"

"Ndiyo."

"Na wewe hapa Doha unaosha nini? Si ni matako ya mtoto wa mwenyewe?"

"Achieng!"

"Hapana, nijibu. Mimi nasimama kwa jua nikifungulia watu milango. Wewe unapangusa mtoto. Yeye anapangusa choo. Nani hapo ni mkubwa? Halafu unamchapa picha unatuma kwa watu wamchekelee? Enda huko! Leo kula ukiwa umenyamaza, nisisikie sauti yako."

Nikala nimenyamaza.

Nilipopewa likizo nikaenda Tanga. Nilibeba zawadi za kila aina, mafuta mazuri, mashuka, udi wa bei. Nilijiambia Mama Mkubwa ni Mama Mkubwa, akiniona atalainika.

Alinifungulia mlango mwenyewe. Hakunikumbatia, wala hakunifukuza. Akasema, "Karibu, mgeni."

Mgeni! Kwenye nyumba niliyotambaa!

Akanikalisha sebuleni kwenye kiti kile kikubwa kinachowekewa wageni. Akaniletea soda kwenye trei, na bilauri iliyofunikwa kitambaa. Nilipoinuka kwenda jikoni kama zamani, nikachukue sufuria nimsaidie, akanizuia kwa mkono.

"Kaa. Wageni hawaingii jikoni kwangu."

Niliposikia hivyo nikaporomoka. Nikashuka kwenye kiti nikakaa sakafuni, nikamwambia yote. Mama, mimi si mpokea wageni. Mimi ni yaya. Nilivaa sare. Nilimkana Kassim mbele ya Madam. Nikaogopa atanisema, ndiyo maana nikamuwahi.

Alinisikiliza hadi mwisho, anakunja pindo la kanga yake na kulikunjua.

"Kwamba wewe ni yaya nilijua siku nyingi," akasema. "Kila nikikupigia nasikia mtoto analia. Hoteli gani hiyo yenye mtoto mmoja anayelia miaka yote? Nikasema mwache, anajipa moyo."

Nikainama.

"Na Kassim naye hakunidanganya. Siku aliyoajiriwa alinipigia akaniambia, Mama, nimepata kazi ya kusafisha ufukweni, mshahara wa halali, na bima ya matibabu. Nikamwombea dua. Mpishi ni mimi. Ni mimi niliyekwenda kwenye harusi, wanawake wakajisifu watoto wao, huyu mhandisi, huyu daktari, mdomo ukanitoka: wangu mpishi mkuu. Kassim aliposikia alinisihi sana, Mama sema ukweli, kazi yangu sioni aibu nayo. Mimi ndiye niliyeona aibu."

Akaweka pindo la kanga chini.

"Hukumvua nguo Kassim. Ulinivua mimi."

Akanieleza. Kwenye msiba wa jirani, wanawake wamekaa wanapanga kazi, mmoja akasema kwa sauti ili kila mtu asikie, "Mama Mpishi mpeni choo, ndiyo fani ya ukoo." Wakacheka mpaka wafiwa wakacheka. Tangu siku hiyo haendi shughuli ya mtu. Mwanamke aliyekuwa anaitwa kila ndoa kusimamia mapishi ya pilau, sasa anakaa ndani kwake anasikiliza ngoma za wenzake kupitia dirishani.

Nikamuuliza kuhusu Kassim. Akaniambia yule msimamizi mwenye funguo alimwondoa ufukweni kwa sababu wageni walilalamika kwamba anasumbua wanawake. Kazi aliyopewa badala yake ni kuosha sakafu za soko la samaki, anaingia alfajiri, maji ya baridi hadi kwenye magoti. Anasumbuka na kifua.

Amesumbua wanawake! Kaka yangu, ambaye nikiwa binti alikuwa ananisindikiza kisimani asije mtu akanigusa. Hilo nalo nimemvika mimi.

Nilimwandikia Kassim. Nikamwandikia tena. Nikamtumia sauti nalia. Ujumbe unafika, unasomwa, haujibiwi. Mwishowe nikamwomba Mama Mkubwa aniombee. Jibu likaja kupitia kwake, fupi tu: "Mwambie nimemsamehe. Ila asinitafute."

Watu wananiambia, si amekusamehe, unalia nini? Hawaelewi. Ningependa anitukane. Matusi ni mazungumzo. Msamaha ule ni mlango uliofungwa taratibu na mtu mwenye adabu, hata kishindo hakikusikika.

Nilirudi Doha. Jambo moja nililifanya, sijisifu nalo, lilipaswa kufanywa zamani. Nilivaa sare yangu ya waridi, nikamwomba mpishi wa nyumba hii anipige picha nikiwa nimepiga magoti namwosha mtoto, kiti chake cha haja kiko pembeni. Nikaituma kwenye kundi lile lile la ukoo. Nikaandika: "Hii ndiyo hoteli yangu. Meza sina na sijawahi kuwa nayo. Kassim ni msafishaji wa halali na mimi ni mwongo. Mama Mkubwa ameniheshimu kuliko nilivyomheshimu."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyejibu. Walisoma wote, kisha mtu mmoja akatuma tangazo la kuuza magodoro, maisha yakaendelea. Hao ndio watu niliowauzia kaka yangu ili wanione wa maana! Wanaohama kutoka kwenye aibu ya mtu hadi kwenye magodoro bila hata kushusha pumzi. Nawadharau, lakini dharau kubwa naijua inakaa wapi. Naiona kila asubuhi nikisafisha kioo cha bafuni.

Nimesikia Mama Mkubwa bado hatoki. Nampigia kila juma. Anapokea, ananiuliza hali ya hewa ya Doha, ananiuliza afya. Maswali ya mgeni. Akishamaliza anasema haya, mwanangu, nisikupotezee muda wa kazi.

Na Madam? Hajui chochote. Nilimkana kaka yangu kwa kumwogopa mwanamke ambaye, juzi nilipomtajia ule mji, alishindwa kukumbuka hata kama tuliwahi kulala pale.

Kwa hiyo wewe unayesoma haya, uko Doha au uko wapi sijui, umejibanza kwenye basi la kampuni au kwenye chumba chenye vitanda vya ghorofa, umewaambia watu wa kwenu wewe ni msimamizi kumbe unabeba mizigo. Uongo wako sijui nitausema vipi, mimi nani wa kukuhukumu. Lakini usije ukamtoa ndugu yako kafara ili uongo wako uishi! Na simu hiyo mkononi mwako, kabla hujaielekeza kwenye uso wa mtu anayechapa kazi, jiulize wewe ukipigwa picha sasa hivi ulivyo utatokeaje.

Na siku utakapomkuta ndugu yako ana fagio mkononi, msalimie. Usimpe jicho la pembeni, usimpungie kidole kwa siri. Msalimie kwa sauti, kwa jina lake, bosi wako akiwa amesimama hapo hapo anasikia.